Namba ya tatu kwenye mashine ya presha

Julai ya mwaka juzi, kituo cha daladala Mbagala Rangi Tatu, saa mbili asubuhi. Mama mdogo ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kijana mwenye mzani na mashine ya presha. Waliomzunguka wamevaa masweta, maana Dar es Salaam joto likishuka hadi nyuzi 20 tunajiona tuko Makete. Yeye anajipepea na kipande cha boksi. Kijana akamfunga ule mfuko mkononi, mashine ikanguruma, ikapumua, ikaonyesha namba tatu: 142, 58, 116.

“Presha yako siyo mbaya, mama,” kijana akasema. “Ya juu imepanda kidogo, ya chini iko poa. Punguza chumvi.”

“Na hii ya mwisho?”

“Hiyo ni mapigo tu.”

Akalipa, akakunja karatasi aliyoandikiwa, akapanda gari. Karatasi ile niliiona jioni nyumbani kwake, na lile neno “tu” halijanitoka hadi leo, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa umeandikwa pale pale. Tena si kwenye namba ya tatu peke yake; kwenye zote tatu, ukijua kuzisoma kwa pamoja. Simlaumu kijana. Mimi ninayeandika habari za afya nilihitaji kuelezwa na daktari mara mbili ndipo nikaelewa.

Mkanganyiko wetu unaanzia kwenye neno lenyewe. Mjini hapa presha ni kila kitu kinachogusa moyo. Moyo ukidunda usiku, presha. Mtoto akichelewa kurudi shule, presha. Simba na Yanga zikiwa sare dakika ya 88, presha. Lakini presha ya hospitali, yaani shinikizo la damu, ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Mapigo ni idadi ya mara ambazo moyo unadunda kwa dakika. Unaweza kuwa na presha inayopita mtihani na mapigo ya mtu anayekimbia, nawe umekaa sebuleni unaangalia tamthilia. Ikiwa hivyo siku baada ya siku, swali ni moja: nani anaukimbiza moyo huu? Inaweza kuwa homa, upungufu wa damu, wasiwasi, hata kahawa. Kuna mtuhumiwa mwingine anayesahaulika, naye anakaa shingoni.

Shika kikoromeo chako, shuka chini kidogo. Hapo, limekumbatia njia ya hewa, kuna tezi lenye umbo la kipepeo na uzito wa gramu 20 hivi. Kwenye vitabu vya Kiswahili linaitwa dundumio. Hospitalini utasikia thairoidi. Mimi napenda dundumio. Linasikika kama kitu kinachodunda, ingawa lenyewe halidundi, linadundisha wengine.

Kazi yake ni kuchukua madini joto kwenye damu, yale yale yanayoandikwa kwenye pakiti ya chumvi, na kuyatengenezea homoni mbili. T4 ina chembe nne za madini joto na ni kama akiba. T3 ina chembe tatu, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Mwili huipata kwa kung’oa chembe moja kutoka kwenye T4. Homoni hizi zikiingia kwenye seli zinaleta amri fupi: choma. Choma sukari, choma mafuta, toa joto, fanya haraka. Aliyeyaita madini joto hakukosea sana.

Kabla hatujaenda mbali, tutenganishe mambo mawili. Rovu, au goita kama tunavyosema mtaani, ni uvimbe wa dundumio. Uvimbe hausemi lolote kuhusu kazi: tezi lililovimba linaweza kuwa linatoa homoni kidogo, za kutosha, au nyingi mno. Thairoidi kuzidi ni ile hali ya homoni kuwa nyingi mno, na inaweza kumpata mtu ambaye shingo yake haina hata dalili ya uvimbe. Mama mdogo alikuwa hivyo. Ndiyo maana hakuna aliyemtazama shingoni.

Kwa kawaida dundumio halijiendeshi. Fikiria simtanki juu ya mnara wa nyumba, na boya ndani yake. Maji yakipungua boya linashuka, koki inafunguka. Yakijaa boya linapanda, koki inajifunga. Boya la dundumio liko chini ya ubongo, kwenye tezi dogo linaloitwa pituitari. Homoni zikipungua kwenye damu, pituitari inatuma mjumbe anayeitwa TSH kwenda kuliamrisha dundumio liongeze kazi. Zikijaa, mjumbe anatulia nyumbani. Kwa hiyo karatasi ya maabara husomeka kinyume na watu wanavyotarajia: dundumio likizidisha, TSH inashuka. Nimeshaona mtu akishangilia TSH yake kuwa chini, akidhani ugonjwa ndio uko chini. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Ya mama mdogo ilisomeka chini ya 0.01, yaani boya limepanda hadi darini na koki bado inamwaga.

Koki inakwamaje wazi? Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe. Inatengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, ila hizi zinajifanya TSH, zinakaa pale pale TSH inapokaa na kulidanganya tezi kwamba limeamriwa. Huu ndio ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la daktari wa Dublin, Robert Graves, aliyeueleza mwaka 1835. Wajerumani wanamtaja Karl von Basedow, daktari wa mji wa Merseburg, aliyeandika mwaka 1840 kuhusu mambo matatu yanayokuja pamoja: rovu, macho kutokeza, na moyo kwenda mbio. Wote wawili walitanguliwa na Mwingereza Caleb Parry wa mji wa Bath, aliyemwona mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1786. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1825, yeye akiwa ameshafariki, na kichwa chake kilitaja shingo na moyo kwa pamoja. Kwa hiyo huu haukuwahi kuwa ugonjwa wa shingo peke yake. Wanawake huupata mara tano hadi kumi zaidi ya wanaume. Njia nyingine, hasa kwa wazee wenye rovu la miaka mingi, ni vinundu ndani ya tezi vinavyoamua kujitengenezea homoni bila kusubiri amri ya mtu.

Sasa umetaboli, neno linalofanya watu wafunge ukurasa. Ni jumla ya kazi zote ambazo mwili unafanya ili kugeuza chakula kuwa nguvu, joto na nyama. Fikiria luku. Umenunua umeme wa shilingi elfu kumi ambao siku zote unakutosha wiki. Wiki hii siku ya tatu tu mita inalia. Unailaumu mita, kumbe chumba cha uani mtu kaacha pasi na hita vinawaka mchana kutwa. Taa hazijaongezeka, friji ni lile lile, ila umeme unaondoka kama joto lisilomsaidia mtu.

Ndivyo alivyokuwa mama mdogo. Alikula sahani mbili za ugali, akaomba na kiporo, na bado alipungua kilo tisa ndani ya miezi minne. Seli zake zilikuwa zinapiga pampu za chumvi nje na ndani kwa kasi kuliko inavyohitajika. Mafuta yanatengenezwa na kuvunjwa wakati huo huo, kama mtu anayejaza ndoo iliyotoboka. Nguvu inatoka, sehemu kubwa kama joto. Ndiyo maana alilala na feni namba tano mwezi Julai, na mume wake akahamia kwenye kochi. Mwili ukikosa cha kuchoma unakula misuli, na misuli ya mapaja haichelewi: alianza kushika mlango kwa mikono miwili ili aweze kupanda daladala. Vidole vilitetemeka kiasi kwamba yeye, mshonaji wa miaka ishirini, alimwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano.

Mtaa nao ukaingia kazini. Mtu anayekonda huku anakula, Dar es Salaam, ana tafsiri zake. Walisema ngoma. Akapima, hana. Wakasema sukari, hana. Akakohoa kidogo, wakasema kifua kikuu, akapeleka makohozi, hakuna kitu. Kupima vyote hivyo ilikuwa sahihi kabisa, na ningemshauri mtu yeyote avipime. Kosa lilikuwa kuishia hapo. Kisha macho yakaanza kutokeza. Hapo jirani mmoja akatoa hukumu ambayo siisahau: “Macho yamemtoka kwa sababu kuna kitu anakiona sisi hatukioni.” Ikatafutwa tiba ya jini kwa muda wa miezi miwili. Ukweli ni kwamba kwenye ugonjwa wa Graves kinga ya mwili huvamia pia nyama na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Yanavimba, na jicho halina pa kwenda isipokuwa mbele. Hakuna anachokiona zaidi ya sisi. Mara nyingine anaona vibaya zaidi yetu, kitu kimoja kinakuwa viwili.

Turudi kwenye karatasi. 142, 58, 116.

Naanza na ya katikati, ile iliyokuwa “poa”. Namba hii ni shinikizo lililobaki kwenye mishipa wakati moyo umepumzika kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mzima tunatarajia 80 hivi. Yake ilikuwa 58, naye si mwanariadha. Imeshuka kwa nini?

Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane na pampu moja. Mpangaji mmoja akifungua bomba, maji yanaruka kwa nguvu. Wote wanane wakifungua kwa pamoja, shinikizo kwenye paipu linaporomoka, ingawa pampu ni ile ile na maji yanayotoka kwa jumla ni mengi zaidi. Seli zinazochoma kupita kiasi zinadai oksijeni, hivyo vijishipa vinavyozilisha vinafunguka. Ngozi inataka kutoa joto, nayo inafungua vyake. Ndiyo sababu mkono wa mgonjwa huyu unapomsalimia unakuwa wa moto na umelowa. Juu ya hayo, T3 yenyewe inalegeza misuli iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu. Upinzani ambao moyo unakutana nao unaweza kushuka hadi nusu ya kawaida.

Figo zinaliona hilo na zinatafsiri vibaya. Ni kama baba mwenye nyumba anayesikia wapangaji wanalalamika maji hayana nguvu. Hajui kuwa mabomba yote yako wazi, anaagiza boza lingine. Figo zinabana chumvi na maji visitoke, mwili unaongeza na chembe nyekundu, na kiasi cha damu mwilini kinapanda. Damu zaidi inarudi kwenye moyo, na moyo ukijazwa zaidi unasukuma zaidi. Sasa unaona mzunguko ulivyojifunga: mishipa imelegea, damu imeongezeka, na mwenye kubeba vyote viwili ni moyo.

Ndiyo ile 142. Namba ya juu ni shinikizo wakati moyo unakamua. T3 inaingia hadi ndani ya seli za misuli ya moyo na kubadilisha vifaa vinavyotengenezwa humo, kiasi kwamba msuli unajikaza kwa nguvu zaidi na kulegea haraka zaidi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita tano hivi kwa dakika. Piga hesabu ya siku: lita 7,200, karibu robo tatu ya boza la lita 10,000. Kwa mwenye thairoidi kuzidi, kiasi hicho hupanda kwa nusu yake, hufika mara mbili, na kwa waliochelewa sana hupita hapo. Ikifika mara mbili, ni karibu boza moja na nusu kwa siku, kutoka kwenye pampu inayotosha kwenye ngumi ya mkono.

Sasa toa 58 kwenye 142. Unabaki na 84. Mtu mwenye 120 kwa 80 ana pengo la 40. Pengo likiwa kubwa namna hiyo kwa mwanamke wa miaka 41, ni ishara ya kuuliza zaidi, si ya kusema ya juu imepanda kidogo. Wazee wana sababu zao za kuwa na pengo pana, kwa kuwa mishipa yao mikubwa imekakamaa, lakini hiyo ni habari nyingine. Nitaongeza hili kwa uchungu: rafiki yake alimgawia vidonge vyake vya presha, vile vinavyofanya kazi kwa kutanua mishipa. Mishipa ilishatanuka! Alimeza siku tatu, moyo ukazidi kwenda mbio, akaviacha mwenyewe.

Na ile 116, “mapigo tu”. Ndani ya moyo kuna kundi dogo la seli linalopiga ngoma ya kuanzisha kila pigo. T3 inaharakisha mkono wa mpiga ngoma huyo. Fundi yeyote wa Gerezani ataelewa: gari limesimama, injini iko sailensa, lakini inanguruma kama inapanda Kitonga. Mapigo 72 kwa dakika ni 103,680 kwa siku. Mapigo 116 ni 167,040. Zaidi ya mapigo 63,000 ya nyongeza kila siku, na usiku hayapumziki.

Hilo la usiku lina manufaa. Watu wengi wenye mapigo ya kasi ni watu wenye wasiwasi, na hilo si jambo la kudharau. Ila mwenye wasiwasi akilala usingizi mzito, mapigo yake hushuka. Mwenye thairoidi kuzidi akilala, moyo unaendelea na mbio zake. Mume wa mama mdogo alimhesabia mapigo ya mkono saa tisa usiku kwa saa ya simu, mkewe anakoroma: 104. Daktari alipolisikia hilo ndipo alipoweka kalamu chini na kumpapasa shingo.

Kuna jambo moja ambalo naona halielezwi vya kutosha, nalo ni kwamba moyo wenyewe unakula lini.

Mtazame mama ntilie saa saba mchana. Analisha watu arobaini, na mwenyewe hula kwa kuiba: mteja mmoja ameondoka, mwingine hajafika, anatia tonge mdomoni. Foleni ikiwa ndefu, hali kabisa. Moyo uko hivyo hivyo. Unapojikaza kusukuma damu kwa mwili mzima, mishipa yake wenyewe, inayopita ndani ya nyama yake, inabanwa. Upande wa kushoto, ule wenye kazi nzito, unapata damu yake nyingi wakati wa kulegea, katikati ya pigo na pigo. Mapigo yakiwa 60, kila pigo lina sekunde nzima, na kama theluthi mbili yake ni muda wa kulegea. Mapigo yakifika 120, pigo lina nusu sekunde, na muda unaokatwa zaidi ni ule wa kulegea. Hubaki kama nusu tu. Kwa hiyo moyo unafanya kazi mara mbili na unakula kwa pupa. Mishipa yake ikiwa mizima, hutanuka na kufidia, mtu akaishi miezi mingi bila maumivu. Ikiwa ilikuwa imeanza kuziba kwa mafuta, kifua kinabana. Wako wanaogundua kwamba mishipa ya moyo ina tatizo kwa sababu thairoidi imeutia moyo kwenye mtihani ambao usingeufanya siku za kawaida.

Mbio hizi zikiendelea, vyumba viwili vya juu vya moyo vinaweza kupoteza mpangilio. Badala ya kukamua, vinatetemeka kama nyama iliyochinjwa sasa hivi. Mapigo yanakuwa ya kasi na hayana mdundo: moja, mbili, kimya, matatu kwa haraka. Takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi wenye thairoidi kuzidi hufika hapo, na umri unavyoongezeka ndivyo hatari inavyopanda. Ubaya wake ni damu inayotuama kwenye pembe za vyumba hivyo. Inaganda, kipande kinang’oka, kinapanda kichwani, na familia inaamka na mgonjwa wa kiharusi ambaye “hakuwa na presha”.

Tarehe 4 Mei 1991, Rais wa Marekani George H. W. Bush alikuwa anakimbia mazoezi huko Camp David, pumzi ikakata. Madaktari wakakuta moyo umepoteza mdundo kwa namna hiyo hiyo. Kiini chake kilikuwa shingoni: ugonjwa wa Graves, uleule ambao mkewe Barbara alikuwa ameshagunduliwa nao. Nyumba moja, wagonjwa wawili, na mmoja wao dalili iliyomfichua ilikuwa moyo. Ukiwa rais mwenye daktari pembeni, jibu linapatikana ndani ya siku chache. Mbagala ilichukua miezi saba.

Mwisho wa barabara hii ni moyo kuelemewa. Watu hudhani moyo ulioshindwa ni ule unaosukuma damu kidogo. Huu unashindwa huku ukisukuma nyingi kuliko wa jirani, kwa sababu mwili unadai zaidi ya kinachotolewa. Miguu inavimba, kulala chali kunakuwa shida. Habari njema, na ndiyo inayonifanya niandike, ni kwamba madhara mengi haya hurudi nyuma homoni zikidhibitiwa mapema. Hata ule mdundo uliopotea, kwa wengi hurudi wenyewe.

Tukafika kwenye chumvi. Kijana wa mashine alisema ipunguzwe. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi akasema iongezwe, maana “thairoidi ni ukosefu wa madini joto”. Shangazi amekulia Njombe, na analosema lina historia. Kwenye nyanda za juu, ambako udongo umeoshwa madini haya kwa mvua za karne nyingi, marovu yalikuwa ya kawaida hadi chumvi ilipoanza kuwekewa madini joto kwa wingi miaka ya 1990. Ila ukosefu wake husababisha hasa rovu na homoni kupungua. Kwa dundumio lililokwisha kuchachamaa, kumwaga madini joto zaidi ni kumwongezea fundi kitambaa wakati unataka aache kushona. Zimbabwe, chumvi yenye madini joto ilipoanza kutumika katika miaka hiyo hiyo, hospitali zilipokea ongezeko la watu wenye thairoidi kuzidi, hasa wenye marovu ya zamani ambayo yalikuwa yamekaa na njaa ya madini haya kwa miaka. Hilo halina maana chumvi hii ni mbaya. Faida yake kwa watoto na wajawazito ni kubwa mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na chumvi ya kawaida ya jikoni inatosha.

Ninachokiogopa zaidi kwa sasa ni vile vidonge na juisi za mwani vinavyouzwa mtandaoni kama “dawa ya goita”. Mwani ni chakula, na dada zetu wa Paje wanaishi kwa kuulima. Lakini kiasi cha madini joto ndani yake hubadilika kulingana na aina na mahali ulipovunwa, na muuzaji hawezi kukuambia kiko kiasi gani. Ukiwa na moyo unaokwenda 116, hiyo siyo bahati nasibu ya kucheza.

Kipimo chenyewe ni cha damu: TSH kwanza, na ikiwa chini, T4 na T3. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha, mwambie daktari kabla, kwa sababu vingi vina bayotini nyingi, na baadhi ya mashine za maabara hudanganywa nayo zikaonyesha thairoidi kuzidi kwa mtu asiye na ugonjwa huo. Moyo nao upimwe umeme wake.

Mama mdogo alipewa vidonge vya aina mbili. Propranolol, ya kuutuliza moyo, ilifanya kazi ndani ya siku chache na mikono ikaacha kutetemeka. Mwenye pumu asiiguse bila daktari kujua. Karbimazole, ya kulizuia dundumio kutengeneza homoni mpya, ilichukua karibu wiki sita, na katikati hapo alitaka kuiacha akisema ni chaki. Haikuwa chaki. Unaweza kufunga kiwanda leo, lakini ghala bado limejaa, na dundumio huweka akiba ya homoni ya wiki nyingi. Dawa hii ina sharti moja ambalo kila anayeitumia anapaswa kulijua kwa moyo: ukipata homa na koo kuuma, acha kidonge na ukapime damu siku hiyo hiyo, kwa sababu mara chache hushusha mno chembe nyeupe za damu. Mjamzito, au anayetafuta mimba, aseme mapema, maana dawa hubadilishwa. Wengine huhitaji upasuaji, au madini joto ya mionzi, tiba iliyoanza Boston mwaka 1941: unameza dozi, dundumio linaifyonza likidhani ni chakula, na mionzi inaliunguza kutoka ndani. Baada yake wengi humeza homoni ya kidonge maisha yao yote. Na mgonjwa yeyote wa thairoidi kuzidi akipata homa kali, akachanganyikiwa, akatapika, mapigo yakapita 140, asisubiri kesho. Hiyo ni dharura inayoua.

Mwezi wa tano wa dawa nilimsindikiza tena Rangi Tatu. Kiti kile kile, kijana yule yule. Mashine ikanguruma: 124, 78, 74. Kijana akasoma mbili za juu, akasita, kisha akamsomea na ya tatu. Mama mdogo hakumsikiliza sana. Alikuwa anavuta kiuno cha gauni lake, moja kati ya saba alizozipunguza mwenyewe wakati anakonda, akilalamika kwamba sasa zote zinambana na itabidi akae chini azifumue upya.